Jinsi ya kutengeneza karakta wa D&D ambaye haangushwi raundi ya pili

Watu wengi wakianza Dungeons & Dragons, ule mchezo wa mezani ambao kila mtu anaigiza mtu wa kubuni na dadu zinaamua kinachotokea, wanaanza na karakta, yani huyo mtu wa kubuni, mtu anakaa na shiti, karatasi ya namba zake, masaa mawili anatafuta jina, anachagua asili, anachagua upanga, alafu siku ya mchezo magoblini wanne, viumbe wadogo maadui, wanatoka porini na yeye hajui hata zamu yake ina nini ndani. Mimi nashauri uanzie upande wa pili. Jifunze kwanza zamu moja ya vita inaendaje, ukishaielewa ndo urudi kutengeneza mtu wako, mana karibu kila namba unayoandika kwenye ile shiti, vita ikianza, inakuja kutumika ndani ya sekunde sita, raundi moja kwenye stori ni sekunde sita basi, na wote mliopo mezani mnacheza humo humo.

Hapa naongelea toleo la tano lile la 2014, kwasababu sheria zake za msingi zilitolewa bure Januari 2023 kwa leseni ya Creative Commons, zinaitwa SRD 5.1, unashusha PDF unasoma bila kumlipa mtu yeyote. Vitabu vilifanyiwa marekebisho 2024 na ntataja pale palipobadilika kwa uzito. Dadu za pande nyingi kama huna usikwame nazo, apu za simu zipo, au andika namba 1 mpaka 20 kwenye vikaratasi uweke kwenye kikombe, unachota kimoja unasoma unarudisha unatikisa. Sisi ramani tunachora kwenye daftari la hesabu lenye miraba, mraba mmoja ni futi 5, vizibo vya soda vyekundu ndo sisi, vya machungwa ni maadui, na inafanya kazi vizuri kabisa.

Zamu ina vitu vinne

Vita ikianza kila mtu anatupa d20, yani dadu ya pande 20, anajumlisha nyongeza yake ya wepesi, mwenye kubwa anaanza na mnafuata huo mpangilio mpaka vita iishe. Ikifika zamu yako una vitu vinne: mwendo, aksheni, bonasi aksheni, na riaksheni.

Mwendo kwa binadamu ni futi 30, miraba sita, na unaweza kuukata, utembee miraba miwili upige alafu utembee minne iliyobaki. Aksheni ndo kazi kubwa ya zamu, kupiga, kutoa speli (uchawi), kukimbia zaidi, kujikinga, kumsaidia mwenzako, kujificha. Bonasi aksheni watu wanaielewa vibaya sana, haiji yenyewe kila zamu, unakuwa nayo pale tu kitu fulani kwenye karakta wako kinapokupa, na huwezi kuibadilisha na aksheni. Riaksheni ni moja, unaitumia hata kwenye zamu ya mtu mwingine, alafu inarudi zamu yako ikianza tena. Ile ya kumpiga adui anayeondoka karibu yako bila tahadhari ni riaksheni.

Sasa shika hili mana ndo ninalolipima kila karakta nalo: chukua karatasi, andika vile vitu vinne, mbele ya kila kimoja andika karakta wako anakifanyia nini. Ukikuta sehemu iko tupu, hapo ndo karakta wako anapungukiwa na mwenzako, hata kama upanga wake ni mkubwa namna gani. Mtu anayefanya vitu vitatu kila raundi anamzidi mtu anayefanya kimoja, na hii ni kweli kwa magoblini pia, wanne dhidi ya mmoja wana aksheni nne kwa moja, ndo mana wanaua watu wa levo ya kwanza kila siku.

Namba za goblini

Goblini wa kwenye SRD ana AC 15, yani namba unayotakiwa kuifikia ili umpate, HP 7, yani uhai wake, anapiga kwa +4, akikupata anatoa damage, yani uhai anaokupunguzia, ya d6 (dadu ya pande 6) jumlisha 2, wastani kama 5 na nusu. Kumpiga unatupa d20 unajumlisha nyongeza ya nguvu au wepesi na bonasi ya ujuzi, ambayo levo 1 mpaka 4 ni +2, ukifika AC yake au ukapita umempata. Ukiwa na 16 kwenye nguvu nyongeza ni +3, jumla +5, kwahiyo kwa AC 15 unahitaji 10 au zaidi kwenye dadu, ni mara 11 katika 20, asilimia 55. Ikitoka 20 yenyewe umempata hata iweje na dadu za damage zinakuwa mbili mbili.

Adivanteji ni kutupa d20 mbili ukachukua kubwa, disadivanteji unachukua ndogo. Watu wanaiona ndogo ila angalia, ile asilimia 55 inapanda mpaka karibu 80, na kwa disadivanteji inashuka mpaka 30. Hakuna silaha ya levo ya kwanza itakayokupa hicho. Kwahiyo adui aliyelala chini ukiwa futi 5 kutoka kwake, adui asiyekuona, au mwenzako kutumia aksheni yake kukusaidia, hivyo ni vitu vya kutafuta kabla hujaanza kuulizia upanga wa kichawi.

Kitu kingine ambacho nimerudia kukisema mezani mpaka nimechoka: goblini mwenye HP 1 anapiga sawasawa na goblini mwenye HP 7. Hachoki, hapungui nguvu, mkono wake ni ule ule mpaka aanguke. Kwahiyo mkiwajeruhi wanne kidogo kidogo mmefanya kazi ya raundi nzima na bado mnapigwa mara nne, mkimshukia mmoja wote mpaka aanguke mnapigwa mara tatu. Pigeni mmoja.

Faita, kwa karibu

Ntamtengeneza faita mmoja, yani mpiganaji wa silaha, uone. Kuna njia mbili za kupata namba za uwezo bila kubahatisha, ya kwanza ni kupanga 15, 14, 13, 12, 10 na 8, ya pili ni kununua kwa pointi 27. Binadamu wa kawaida kwenye sheria za 2014 anaongezewa 1 kwenye kila uwezo, na hapa ndo pa kuwa makini kwasababu nyongeza inapanda kwenye namba shufwa tu, 14 na 15 zote ni +2, ile moja ya juu haifanyi kitu. Ukitumia ule mpango wa kwanza kwa binadamu unaishia na 16, 15, 14, 13, 11, 9. Ukinunua kwa pointi chukua 15, 15, 13, 11, 9 na 8, hesabu inakaa 27 kamili (9 na 9 na 5 na 3 na 1 na 0), ongeza moja moja unapata 16, 16, 14, 12, 10, 9. Umepata +3 mbili badala ya moja na hujatoa chochote cha maana.

Nguvu 16, ustahimilivu 16, wepesi 14, hekima 12, mvuto 10, akili 9. HP zake levo ya kwanza ni 10 na 3, ni 13. Vazi la minyororo linampa AC 16, ngao inaongeza 2, ni 18. Goblini mwenye +4 kwa AC 16 anakupata mara 9 katika 20, kwa AC 18 mara 7. Hiyo ngao usiione kipande cha ubao tu.

Alafu unakuja mtindo wa kupigana, na hapa watu wanabishana sana. Wengi wanakimbilia upanga mkubwa wa mikono miwili, 2d6 jumlisha 3, yani dadu mbili za pande 6, na kweli ukimpata goblini unamuua karibu kila mara, unahitaji dadu zitoke jumla 4 tu, ni 33 katika 36. Ila angalia upanga mrefu wa mkono mmoja, d8 jumlisha 3, pamoja na ule mtindo wa kushika silaha moja unaoongeza 2, inakuwa d8 jumlisha 5. Goblini ana 7, kwahiyo ni ikitoka 1 peke yake ndo anabaki hai, saba katika nane anakufa, karibu sawa na yule wa mikono miwili na bado ngao iko mkononi. Bila ule mtindo ungehitaji 4 kwenda juu, tano katika nane. Hiyo +2 inaonekana ndogo kwenye kitabu lakini kwa adui wa HP 7 ndo tofauti ya aliyekufa na aliyebaki anakupiga, kwa levo za mwanzo mimi nachagua huo bila kufikiria mara mbili.

Sasa mpime kwa vitu vinne. Mwendo, anaenda kusimama mlangoni au kwenye njia nyembamba ili wasimzunguke. Aksheni, upanga. Bonasi aksheni, ana ule uwezo wa kuvuta pumzi, anajirudishia d10 na levo yake mara moja mpaka apumzike. Riaksheni, anayejaribu kumpita kwenda kwa wizadi, yule mtu wa uchawi, anakula upanga. Hakuna sehemu tupu, ndo mana faita ni mzuri kwa anayeanza, na sikubaliani na wanaosema anaboa.

Rogu na ugomvi wa bonasi aksheni

Rogu, yule mwizi mjanja, anaishi kwa lile pigo la kuvizia, levo ya kwanza linaongeza d6, na linakuja mara moja kwa zamu kama una adivanteji au kama mwenzako yuko futi 5 kutoka kwa yule unayempiga. Hiyo ya pili inasahaulika sana, huhitaji kujificha, unahitaji faita ameshafika pale. Kwahiyo rogu asiwe wa kwanza kuingia, na kama dadu zimekuweka mbele yake basi tumia upinde kwa mtu ambaye mwenzenu ameshamsogelea.

Ukishika panga fupi mbili bonasi aksheni inakupa pigo la pili, halina nyongeza ya wepesi kwenye damage lakini sio hiyo unayoitafuta, unatafuta nafasi ya pili ya kulipata lile pigo la kuvizia. Nafasi moja ya asilimia 55 ikiwa mbili, uwezekano wa kupata angalau moja unafika kama 80. Lakini ikifika levo 2 rogu anapewa kukimbia, kuchomoka (kuondoka bila kupigwa) au kujificha kwa bonasi aksheni, na hapo una vitu viwili vinagombania nafasi moja. Utaratibu wangu ni huu, pigo la kwanza likipata na d6 zikaingia, bonasi tumia kuchomoka urudi nyuma ya faita, pigo la kwanza likikosa ndo utumie la pili. Levo 5 anapata riaksheni ya kukata damage ya pigo moja nusu, na hapo anakuwa mgumu kuua kuliko anavyoonekana.

Wizadi na kleriki

Wizadi levo ya kwanza mwenye ustahimilivu 14 ana HP 8. Kama wepesi wake ni 14 na hana vazi AC yake ni 12, goblini anampata mara 13 katika 20, mapigo mawili na yuko chini. Ana nafasi mbili tu za speli, kila speli kubwa inakula moja, na mara moja kwa siku akipumzika kidogo anairudisha moja. Kuna speli ya kujivika kinga inampandisha AC 15 kwa masaa 8, nzuri, ila levo ya kwanza inakula moja ya hizo mbili, mimi naisubiri mpaka levo 3 zinapokuwa nafasi nne za daraja la kwanza. Mwanzoni nabaki na mbili, ile ya ngao ambayo ni riaksheni na inaongeza AC 5 mpaka zamu yako ijayo, na ile ya kulaza usingizi.

Hii ya usingizi nataka nikuonyeshe ilivyofanya mezani kwetu. Magoblini wanne walikuwa wametukaba kwenye kivuko, kleriki wetu, yani mtu wa dini mwenye speli za tiba, akampiga mmoja kwa rungu, d6 ikatoka 2, jumlisha 2 ya nguvu zake, damage 4, goblini kabaki na HP 3. Mezani watu wakasikitika kwamba hajafa. Zamu ya wizadi ikafika, speli ile inatupa 5d8, jumla ndo HP unazoweza kulaza, unaanza na mwenye HP chache kuliko wote kwenda juu na hakuna dadu ya kujiokoa, ile adui anayoitupa ili speli isimpate. Zikatoka 8, 6, 5, 3 na 2. Tukazihesabu kwa kidole juu ya daftari, 24. Yule wa 3 kalala zikabaki 21, wa 7, wa 7, wa 7, sifuri. Wote wanne chini. Lile rungu la damage 4 ndo lililofanya hesabu ikae, bila hilo yule wa nne angebaki macho na 3 zetu zilizosalia. Na kleriki alikuwa ndani ya duara la speli, alikuwa na HP 9 ndo mana ikampita, angekuwa na 5 angelala yeye kabla ya goblini wa pili, kwahiyo kabla hujaitoa waulize wenzako wote wana HP ngapi. Aliyelala ukimpiga kutoka futi 5 una adivanteji na ukimpata ni pigo la dadu mbili mbili moja kwa moja. Kwenye marekebisho ya 2024 hii speli imebadilika kabisa, adui anatupa dadu ya kujiokoa kwanza, kwahiyo ulizeni mezani mnatumia sheria zipi.

Kleriki speli yake ya baraka inawapa watu watatu d4 ya kuongeza kwenye kila dadu ya kupiga na ya kujiokoa, wastani 2 na nusu, ni kama watu watatu wote wamepanda levo kadhaa kwa wakati mmoja. Ila ni ya kushikilia kwa umakini, unashikilia moja tu, na ukipigwa unatupa dadu ya ustahimilivu ufikishe 10, au nusu ya damage kama nusu hiyo ni kubwa zaidi, ukishindwa baraka imekatika. Ndo mana uwezo wa pili wa mtu wa speli ni ustahimilivu, usimuwekee 8 ukajisifu akili yake 16. Na akishatoa baraka asiende mbele, kila pigo analoliepuka ni baraka ya watu watatu imebaki.

Ukianguka

HP zikifika 0 hujafa, umeanguka, labda damage iliyozidi iwe sawa na HP zako zote au zaidi hapo umekwenda moja kwa moja. Kila zamu unatupa d20, 10 kwenda juu umefaulu, chini yake umefeli, tatu za kufaulu umetulia, tatu za kufeli umekufa. 20 inakuamsha na HP 1, 1 inahesabika kufeli mara mbili. Hatari kubwa ni kupigwa ukiwa chini, pigo la kawaida ni kufeli moja, adui aliye futi 5 akikupata ni kufeli mbili.

Kwahiyo tiba inatolewaje? Levo za mwanzo kwa sheria za 2014 tiba ni ndogo kuliko damage, ile speli ya neno la tiba inarudisha d4 na nyongeza, goblini mmoja anaiondoa yote kwa pigo moja. Usiimalizie kwa mtu mwenye HP 6 anayesimama vizuri. Iweke kwa aliyeanguka, mana aliyeamka na HP 4 ana zamu nzima, aksheni yake imerudi, na ile speli ni bonasi aksheni ya umbali wa futi 60, kleriki bado anapiga rungu lake zamu hiyo hiyo. Ila kumbuka ukitoa speli kwa bonasi aksheni, aksheni yako zamu hiyo haiwezi kutoa speli nyingine isipokuwa zile ndogo zisizotumia nafasi. 2024 dadu za tiba zimeongezwa mara mbili, na dawa ya chupa sasa unainywa kwa bonasi aksheni, hapo inalipa kidogo kutibu mapema.

Kujikinga pia ni aksheni na watu wanaidharau. Faita wa AC 18 mlangoni akijikinga, goblini anatupa kwa disadivanteji, ile 35 kwa mia inashuka mpaka kama 12, na nyuma yake wenzako watatu wanapiga bila wasiwasi. Ukizibwa na ukuta au jiwe nusu mwili unaongezewa AC 2, robo tatu ya mwili 5, na hiyo haikugharimu hata nafasi moja ya speli.

Levo zinazofuata

Levo 4 ongeza 2 kwenye ule uwezo unaopigia mpaka ufike 18, usigawe moja moja kama hazikupeleki kwenye shufwa. Levo 5 ndo mchezo unabadilika, faita anapiga mara mbili kwa aksheni moja, wizadi anapata mpira wa moto wa 8d6, wastani 28 kwa kila aliyemo ndani ya duara la futi 20 kutoka katikati, anayejiokoa anakula nusu, na bonasi ya ujuzi inakuwa +3. Kwahiyo kama unataka kuchanganya faita na rogu au kleriki na wizadi, ngoja upite 5 kwanza. Mtu aliyegawa 3 kwa 2 anasimama pembeni ya wenzake akiwa na pigo moja pale wao wana mawili, na nimemuona mchezaji mzuri kabisa akipoteza hamu ya kampeni nzima, yani mfululizo wote wa mchezo, kwa sababu hiyo.

Mkikaa mezani wiki hii, kabla dadu ya kwanza haijatupwa, andika ile karatasi ya vitu vinne uibandike juu ya shiti, na chini yake AC, HP, na namba unayojumlisha ukipiga. Zamu yako ikifika uwe umeshaamua, mwendo wapi, aksheni ipi, bonasi ipo au haipo, na riaksheni unamuwekea nani.